Rambirambi kwa Mtu Aliye Hai

Marehemu mwenyewe ndiye aliyefungua mlango. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, miwani ameisukuma juu ya paji la uso, na simu ameishika kama kitu kilichomtukana.

"Shikamoo, mzee," Inspekta alisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni ndani. Mtanisamehe, sijui niwapokee kama mwenye nyumba au kama maiti."

Sajini alicheka, akaona Inspekta hacheki, akajitia kukohoa. Kituoni watu walimwita Inspekta Pilipili, ingawa hakuna aliyethubutu kulitamka jina hilo mbele yake. Asubuhi ile alikuwa ameyasoma malalamiko ya mzee huyu akasimama, akaketi, akayasoma tena. Wenzake walitaka yatupwe kapuni. Filamu tu, walisema, kana kwamba mali ni ile tu inayobebwa begani.

Sebule ilikuwa ndogo na safi. Chini ya televisheni palikuwa na kisanduku cheusi chenye taa ya kijani. Binti wa mzee alisimama kwenye mlango wa jikoni akijifuta mikono kwa khanga, na mumewe alikuwa ameketi ukingoni mwa kiti, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari wa meno.

"Nieleze toka mwanzo," Inspekta alisema. "Usiruke hata jambo moja."

Mzee alikuwa mstaafu wa kiwanda cha uchapaji na mtaani walimwita Babu Chapa. Alieleza kwa mpangilio, kama mtu aliyezoea kupanga herufi.

"Kuna kampuni inauza filamu za zamani, na zile za wasanii wadogo wanaojitengenezea wenyewe. Si za kukodi, mwanangu. Unanunua, unapakua, inakaa humu kwenye kisanduku. Ukitaka kuiona usiku wa manane, hakuna wa kumwomba ruhusa. Ndiyo maana nikanunua kwao. Za kulipia kila mwezi nilizikataa, maana siku wakiamka vibaya wanaziondoa."

"Ukanunua ngapi?"

"Nyingi. Lakini hata zingeungua zote, nisingekuja polisi. Nimekuja kwa ajili ya moja." Akavua miwani. "Marehemu mke wangu aliigiza humo. Sehemu ndogo tu, anapita na kusema maneno mawili matatu. Walioitengeneza walikuwa vijana waliochangishana, hawana hata gari la kubebea vifaa. Picha zake za ukutani ninazo, unaziona. Sauti yake sina pengine popote. Nikiwa na hamu naye nilikuwa nawasha pale, namsikiliza, nazima, nalala."

Binti yake aligeuka akarudi jikoni, na mlio wa sufuria ukasikika bila sababu.

"Wiki iliyopita nikawasha," mzee aliendelea. "Kabati la filamu pale kwenye televisheni limefungwa. Kisha simu ikaingia ujumbe. Soma mwenyewe."

Inspekta akasoma kwa sauti. "Kwa familia mpendwa. Tumepokea kwa huzuni taarifa ya kuondokewa na mpendwa wenu, mteja wetu wa siku nyingi. Tunaungana nanyi katika kipindi hiki kigumu. Kwa mujibu wa masharti ya mauzo, umiliki wake wa filamu umekoma rasmi."

"Rambirambi nimezichapa sana kiwandani," mzee alisema. "Za wakubwa kwa wadogo. Yangu sikutarajia kuisoma."

"Uliwapigia?"

"Niliwapigia. Wakaniambia nilete msimamizi wa mirathi yangu."

Sajini safari hii hakucheka. Inspekta alihisi mashavu yakipata moto. Alikuwa amezoea wezi wanaovunja madirisha, na kwa namna fulani aliwaheshimu, kwa sababu angalau walikubali kwamba mwenye nyumba yupo hai.

"Nani mwingine anajua nywila ya kisanduku hiki?"

 Aliyejibu alikuwa mkwewe. "Mimi, afande. Mimi ndiye niliyemfungulia akaunti."

"Mnaelewana, wewe na baba mkwe wako?"

"Tunaelewana."

"Mwambie ukweli," sauti ya mkewe ilitoka jikoni.

Mkwe aliutazama mlango wa jikoni. "Tunagombania televisheni, afande. Mechi zikianza na yeye ana filamu zake. Kuna siku nilisema kwamba mzee akifumba macho, kile kisanduku nakitoa nje. Nilikuwa natania."

"Nani alikusikia?"

"Wote," mzee alisema, akitazama mikono yake. "Tulikuwa tunakula."

Inspekta aliiomba simu ya mkwe, naye akaitoa bila ubishi. Aliikagua papo hapo, ujumbe na namba zilizopigwa, mwenyewe akiwa amesimama pembeni anatoka jasho. Kulikuwa na mabishano ya mpira, picha za gari analotamani kununua, na mkewe akimwagiza sabuni. Kwa kampuni ile hakuwa amepiga wala kuandika, na hakukuwa na chochote kutoka kwao. Inspekta akamrudishia.

Ndani ya gari, Sajini alikuwa ameshafunga kesi. "Ni mkwe. Nywila anayo, kisa anacho, na maneno ameyatamka mbele ya mashahidi. Kawapigia kwa simu ya kuazima, kawaambia mzee amefariki."

"Sajini, ukifiwa, rambirambi anapelekewa nani?"

"Mimi. Mfiwa."

"Sasa ile imekwenda kwa nani?"

Sajini aliwaza mpaka walipofika kwenye taa za barabarani. "Kwa maiti."

"Mkwe angetoa taarifa ya msiba, wangempa yeye pole. Hata angetumia simu ya kuazima, pole ingekwenda kwenye simu hiyo. Hii imemfuata mzee mwenyewe mfukoni mwake. Aliyemuua hakuwa na namba nyingine ya mtu yeyote wa familia ile. Alikuwa na ile moja tu ambayo mzee aliwaachia wakati wa kununua."

"Kwa hiyo ni mtu wa ndani ya kampuni."

"Twende tukaone wanavyofanya kazi. Na ukae kimya, au nitakukanyaga mguu."

*

Ofisi za kampuni zilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la vitanda. Ukumbi wa mapokezi ulijaa mabango ya filamu za kale yaliyowekwa kwenye vioo, na juu ya meza paliandikwa kwa herufi za dhahabu: IKISHAKUWA YAKO, NI YAKO DAIMA. Mhudumu, mwanamke mwenye sauti ya upole iliyochoka, aliwaambia meneja yuko kwenye kikao. Wangoje.

Wakangoja. Simu ya mezani ikalia.

"Huduma kwa wateja, habari za asubuhi," mhudumu alisema. Kisha sauti yake ikapungua. "Ndiyo, mama. Naelewa, mama. Ila hapa kwenye kompyuta inaonyesha umefariki. Hapana, mama, sikutakii mabaya. Pole sana." Akaiweka simu taratibu, akaegemeza paji la uso kwenye kiganja.

Inspekta alisimama na kuisogelea meza. "Huyo ni wa ngapi leo?"

"Mimi si msemaji wa kampuni, dada."

"Mimi nami si mwandishi wa habari." Akaonyesha kitambulisho. "Nieleze kazi yako tu. Mteja akifariki kwelikweli, mnafanyaje?"

Mhudumu aliutazama mlango wa meneja, akautazama ule mkono wenye kitambulisho. "Ndugu yake anapiga. Tunachukua jina lake na namba yake. Tukishachagua sababu ya kufunga, kwamba ni kifo, mashine yenyewe inatuma rambirambi kwa huyo ndugu. Sisi hatuiandiki. Mzee aliyeanzisha kampuni ndiye aliyeiweka zamani. Alisema mtu aliyenunua filamu kwetu si mpita njia, akifa tuwape pole watu wake. Alikuwa muungwana sana. Alishauza kampuni akaondoka."

"Na kama hakuna ndugu aliyepiga? Namba ya ndugu haipo?"

Mhudumu aliitazama tena simu ya mezani. Ilionekana wazi kwamba hakuwahi kuulizwa, na kwamba jibu lilikuwa limemkaa kooni siku kadhaa. "Inakwenda kwenye namba iliyopo," alisema. "Ya mteja."

"Wewe ulipokea simu ya msiba wa Babu Chapa? Mstaafu wa uchapaji?"

"Simu za misiba tunapokea mimi na mwenzangu tu. Mwenzangu yuko likizo ya uzazi. Mwezi huu sijapokea msiba hata mmoja, dada. Napokea waliokufa tu."

Sajini aligeuka akatazama bango ukutani. Mabega yake yalitikisika, na Inspekta alimkanyaga mguu.

*

Meneja alikuwa mtu wa tabasamu jingi na meza isiyo na kitu juu yake. Aliagiza maji, akauliza kama kiyoyozi kinawasumbua, akasifu kazi ngumu ya polisi. Inspekta alimwacha amalize kumvisha kilemba cha ukoka.

"Mmemuua mzee mmoja," alisema.

"Aa, Inspekta. Hilo neno ni zito. Ni kosa dogo la taarifa. Mara nyingi ni ndugu wenyewe, mnajua familia zetu. Huyo mzee nasikia ana mkwe..."

"Umesikia kwa nani?"

Tabasamu lilibaki, lakini macho yalihama. "Nasema kwa mfano."

"Mfano wako una mkwe, na mimi sijakutajia jina la mzee wala ukoo wake. Nani anatunza taarifa kwamba kisanduku cha mzee kilifunguliwa na mkwewe?"

"Ziko kwenye mfumo."

"Kwa hiyo kabla hatujaja umekaa ukamtafuta mzee huyu kwenye mfumo, ukachagua na mtu wa kumsingizia. Mwite fundi wako."

"Fundi ana kazi nyingi."

"Nitamfuata mwenyewe, na nitapita mapokezi nikiuliza kila anayepiga simu kama yuko hai."

Fundi mitambo aliitwa. Alikuwa mwanamume mnene mwenye mvi za mapema, na alipoona sare ya Sajini alikaa kabla hajakaribishwa.

"Swali moja," Inspekta alimwambia. "Filamu ya mzee ilikuwa ndani ya kisanduku chake, nyumbani kwake. Mmeifungaje mkiwa hapa?"

"Filamu bado imo, afande. Inafunguka kwa ufunguo unaotoka kwetu. Tukiuondoa ufunguo, kinachobaki ni... ni kama kitabu kilichogundishwa kurasa."

"Kwa hiyo mlimwuzia kitabu mkabaki na gundi mfukoni."



"Ninaweza kusema neno?" Meneja aliingilia. "Haya yote yako kwenye masharti aliyoyakubali. Umiliki ni wa mnunuzi peke yake na unakoma akifariki. Kila mtu anabonyeza amekubali."

"Alikubali ukome akifa. Hajafa." Inspekta hakumtazama. "Fundi, kuna sababu gani nyingine za kumfungia mteja wa daima?"

"Akiomba mwenyewe. Au akifariki. Hakuna nyingine. Mwanzilishi aliijenga hivyo makusudi, ili yeyote atakayekuja baada yake asiweze kuwanyang'anya watu." Fundi alijikuna shingo. "Nami nilimwambia Meneja hivyo hivyo. Nikasema hawa haiwezekani, mpaka wafe."

"Yeye akasemaje?"

 Meneja aliitazama glasi yake.

"Akasema basi wafe," fundi alijibu.

Inspekta alivuta kiti akaketi karibu na meza ile. Hasira ilikuwa imempanda hadi masikioni, na aliiacha ionekane. "Kwa nini?"

Meneja alipoongea, utamu wote ulikuwa umemtoka. Kulikuwa na kampuni kubwa iliyotaka filamu zote za kabatini, izionyeshe yenyewe kwa malipo ya kila mwezi. Sharti lao lilikuwa moja, kwamba pasiwe na mtu yeyote mwenye nakala yake ya kudumu. Wateja wa daima walikuwa ndio kikwazo pekee. "Wengi wao ni wazee," alisema. "Wengine hata hawawashi tena. Tulianza na wale wa umri mkubwa, tukaona hawatajua. Hatukumgusa mtu, Inspekta. Wote wazima, wanakula, wanalala. Tumebonyeza tu."

"Mkabonyeza, na adabu za mwanzilishi zikawaumbua."

"Hatukujua kama ule ujumbe bado upo," fundi alisema kwa sauti ya chini. "Hatujawahi kupata msiba tangu ahame."

"Tutamrudishia fedha zake," Meneja alisema. "Na za juu yake, kama fidia. Tuyamalize kiungwana."

"Hakuja kudai fedha. Mfungulieni filamu yake."

Meneja na fundi walitazamana. Ilikuwa mara ya kwanza kwao kukubaliana jambo mbele yake.

"Haiwezekani," fundi alisema. "Mfumo hauna mahali pa kumfufua mtu. Ukishachagua kifo, imekwisha. Labda ajiandikishe upya kama mteja mpya anunue tena."

"Anunue tena."

"Ila haiuzwi tena," fundi alimaliza, na uso wake ulionyesha kwamba ameyasikia maneno yake mwenyewe.

Inspekta aliinuka. Alitembea mpaka dirishani, akatazama chini, vitanda vikishushwa kutoka kwenye lori, akarudi. Sajini alimjua vya kutosha kusogeza glasi mbali naye.

"Nakala mama iko wapi? Ile mliyokuwa mkitoa hizo nyingine?"

"Chumba cha mitambo. Bado hatujaikabidhi."

"Sajini, andika. Mtuhumiwa ametuonyesha mali inayodaiwa kuibwa, na ipo chini ya ulinzi wetu kuanzia sasa." Akamgeukia Meneja. "Na mali ya wizi ikikamatwa, bwana, huwa namwita mwenyewe aje aitambue. Iwe baiskeli, iwe mbuzi. Sheria haijanikataza filamu."

*

Babu Chapa alifika na binti yake na mkwewe. Mkwe ndiye aliyemshika mkono kwenye ngazi, ghorofa zote tatu, na walipofika juu wote wawili walikuwa wakihema, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa kwenda mbio.

Mapokezi, mhudumu alisimama. Hakujua aseme nini, akasema, "Shikamoo, mzee. Nisamehe."

"Marahaba, mama. Wewe ulitumwa."

Chumba cha mitambo kilikuwa chembamba na chenye baridi, na ukutani kulikuwa na kioo kikubwa cha kukagulia picha. Mzee alipewa kiti. Meneja aliwekwa nyuma karibu na Sajini, ambaye alikuwa amejaza mlango wote. Fundi alitafuta, akabonyeza, na picha ikaja, isiyo na rangi, yenye mikwaruzo ya hapa na pale. Korido ya hospitali. Watu wamekaa kwenye benchi.

Inspekta alifungua daftari. Utaratibu wa kutambua mali una swali lake, na alitaka liulizwe vizuri ili wakili yeyote asipate mwanya.

"Mzee, unaitambua mali hii?"

"Naitambua."

"Kwa alama gani? Nataka alama ambayo mtu asiye mwenyewe hawezi kuijua."

Mzee hakugeuka. "Subiri kidogo. Sasa hivi mlango wa kushoto utafunguka."

Mlango wa kushoto ukafunguka. Mwanamke kijana mwenye sare ya muuguzi akatoka na kalamu sikioni, akawatazama watu wa kwenye benchi kama mtu aliyechoshwa nao tangu alfajiri.

"Kaeni hapo hapo," alisema. "Daktari anakunywa chai."

Binti wa mzee alijiziba mdomo. Huenda alikuwa mdogo mno siku alipoisikia sauti ile mara ya mwisho kutoka kinywani mwa mama yake.

"Sasa ataangalia kamera," mzee alisema. "Hakutakiwa. Mwongozaji alimkaripia sana, lakini mkanda ulikuwa umebaki kidogo, hawakuweza kurudia. Sasa. Mwone."

Mwanamke alipogeuka kurudi ndani, macho yake yaliteleza yakaja mbele, na kicheko kikamtoroka kabla ya kufunga mlango.

"Haikuwa kamera," mzee alisema. "Nilisimama nyuma ya kamera, nimeshika mwavuli wa kuzuia jua la dirishani. Alikuwa ananiangalia mimi."

Inspekta aliandika neno kwa neno. Alilazimika kukata mstari mmoja na kuuanza tena. "Fundi, itolee nakala kwenye diski," alisema. "Bila ufunguo, bila gundi. Moja kielelezo, moja nitamkabidhi mwenye mali kwa saini yake."

"Hilo litakuwa kinyume cha mkataba," Meneja alisema kutoka nyuma.

Mzee aliinuka. Alichukua muda kuinuka, mkwewe akataka kumsaidia, akamzuia kwa kiganja. Akamwendea Meneja mpaka wakawa wanapumuliana, akanyoosha kidole kuelekea kwenye kioo, ambako mlango alioingia mkewe ulikuwa umefungwa na watu wa kwenye benchi wanaendelea kungoja.

"Bwana mkubwa," alisema, "kama mna shida na mfumo wenu, rekebisheni hivi. Aliyekufa ni yule. Mimi nipo."